Neno "-zuri" na Nduguye "-ema" Huku Kwetu Mpakani

Muhula uliopita nilikuwa nikisahihisha insha za kidato cha pili. Kichwa cha insha kilikuwa "Mtu Nimkumbukaye". Mvulana mmoja, Msamia wa upande wa Busia, aliandika juu ya babu yake aliyefariki, na katikati ya ukurasa wa kwanza nikakuta maneno haya: "Babu yangu alikuwa mzuri sana. Hakuna aliyefika kwake na njaa akaondoka na njaa." Nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini ya "mzuri", na pembeni nikaandika "mwema". Nimekwisha kufanya hivyo mara nyingi, wala sikufikiri zaidi.

Siku ya pili yake mvulana akaja na daftari mkononi. Akaniuliza kwa adabu kosa lake ni lipi. Nikamwambia kwamba mtu wa Mombasa au wa Unguja akisoma maneno yale atadhani wamsifu babu sura. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, babu alikuwa na makovu ya ndui uso mzima. Sura hakuwa nayo. Lakini kwetu alikuwa omulayi, na omulayi ndiyo mzuri."

Sikuwa na jibu zuri la kumpa. (Angalieni, nimesema "jibu zuri", sikusema "jibu jema". Tutalirudia jambo hilo.) Nikamwambia aniachie daftari kwanza. Makala haya yametokana na daftari lile.

Katika neno hili moja sisi watu wa mpakani twakosolewa mara mbili, na makosa hayo mawili hutiwa katika kapu moja na kupewa jina moja, yaani "athari ya lugha ya mama". Nataka kuyatenganisha, maana moja katika hayo halikutoka kwa mama zetu hata kidogo.

Tuanze na hilo. Simama asubuhi pale Busia kwenye njia ya magari, upande wa Kenya au upande wa Uganda, usikilize watu wakiamkiana. "Habari?" "Mzuri." "Habari ya watoto?" "Mzuri." "Biashara?" "Mzuri tu." Malaba ni hivyo hivyo, na Tororo mjini ni hivyo hivyo. Kitabu cha sarufi chasema "habari" ni jina la ngeli ya N, kwa hiyo sifa yake (ninyi wa siku hizi mwaiita kivumishi) ni "nzuri", au "njema". "Mzuri" ni ya mtu mmoja: mtoto mzuri, mgeni mzuri. Ni ya mti na jamaa zake pia: mkate mzuri, mwaka mzuri, mto mzuri. Tena ni ya majina mengi ya U: uso mzuri, wimbo mzuri, usiku mzuri. Lakini kitabu ni kizuri, jibu ni zuri, mashamba ni mazuri, vyombo ni vizuri, nyumba ni nzuri, mahali ni pazuri. Haya mnayajua, wala sitayaeleza tena.

Sasa walimu wengi husema kwamba mtoto wa hapa hasemi "nzuri" kwa sababu lugha ya kwao yamvuta. Haya, na tuitazame lugha ya kwao. Mganda husema omuntu omulungi, ekitabo ekirungi, ennyumba ennungi. Angalieni jinsi sifa ile moja, -lungi, inavyogeuka kufuata jina lake. Hata herufi ya mwanzo ya shina haikusalia vile vile, mara l, mara r, mara n. Msamia na Waluhya wenziwe husema omundu omulayi akiwa mmoja, na wakiwa wengi abandu abalayi. Mtoto wa Kiganda wa miaka minne hawezi kusema ekitabo omulungi. Akisema hivyo, bibi yake atadhani ana homa. Basi mtoto huyu aliyezaliwa na upatanisho mdomoni mwake, kwa nini akifika kwenye Kiswahili aseme "kitabu mzuri"?

Jibu ni kwamba hakukipata Kiswahili hicho kwa mama yake wala kwa mwalimu. Alikipata barabarani, na barabara ilikipata kambini. Kiswahili kilitufikia huku kwa misafara ya biashara, kisha kwa askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, kisha kwa polisi, kwa wafanyakazi wa reli iliyopita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931, kwa maduka ya Wahindi, na kwa mashamba ya walowezi katika nyanda za juu. Katika mahali pote hapo watu wa lugha mbalimbali walikutana ghafla, na kazi ilikuwa ikingoja. Aliyeamuru hakukijua vema, na aliyeamriwa hakukijua vema. Katika maneno ya namna hiyo ngeli huwa mzigo wa kwanza kutupwa njiani. Katika maumbo yote ya -zuri likabaki moja tu, likagandamana kama ugali uliolala: mzuri. Ukienda Kongo ya mashariki utaambiwa "muzuri" ukiamkia, ukisifu chakula, hata ukiuliza kama gari limetengenezeka.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kisamia au wa Kiganda anaposema "habari mzuri", asisingiziwe mama yake. Mama yake angemfundisha kupatanisha. Na dawa yake ni nyepesi kuliko mnavyodhani: akipanga sentensi ya Kiswahili na akumbuke kwamba kazi hii anaijua tangu utotoni. Ekitabo ekirungi, kitabu kizuri. Ni mchezo ule ule, mpira umebadilishwa tu.

Wenye udhuru wa kweli ni wengine. Mteso, ambaye ni jirani yetu pande zote mbili za mpaka, kutoka Amagoro hadi Tororo, lugha yake si ya Kibantu. Yeye husema ejok, na neno hilo hutumika kama kitendo, yaani "ni zuri, ni jema"; na akitaka kuzidisha husema ejok noi. Upatanisho wa namna ya ki- na vi- hana. Mjaluo husema maber, iwe nyumba, iwe mtu, iwe chakula. Hubadili tu wakiwa wengi, akasema mabeyo. Mjopadhola wa Tororo naye ana ber hiyo hiyo, maana lugha zao ni ndugu. Hawa wakisema "kitabu mzuri" wahurumiwe kidogo, na wafundishwe kwa subira, kwa sababu wanajenga chumba ambacho nyumbani kwao hakikuwapo.

Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili ni lile la babu mwenye makovu, nalo ni gumu zaidi.

Hapa lugha ya mama imo kweli. Luganda omulungi ni mtu mwenye sura ya kupendeza, tena ni mtu mwenye roho ya kupendeza. Omuwala omulungi watu watamwelewa kuwa ni mrembo. Empisa ennungi ni tabia njema. Neno ni lile lile. Kiluhya vivyo hivyo: omulayi ni wa uso na ni wa moyo. Kijaluo ber hubeba yote mawili, ingawa Mjaluo akitaka kusema urembo hasa, bila ya mtu kukosea, analo neno jaber. Basi watu wote wanaotuzunguka, Wabantu kwa wasio Wabantu, wameuweka uzuri na wema katika chungu kimoja.

Kiswahili kina vyungu viwili. Kimoja ni -zuri, kingine ni -ema. Shule hufundisha kwamba -zuri ni ya nje na -ema ni ya ndani: msichana mzuri ana sura, msichana mwema ana tabia. Methali yasema "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti", yaani kwa nje kimepambwa, na ndani ni gogo kama magogo mengine. Na methali nyingine yasema "Tenda wema nenda zako". Hakuna asemaye tenda uzuri. Mpaka hapo kanuni ya shule yasimama.

Lakini jaribuni kuitumia siku nzima mwone itakavyowaangusha. Swali zuri lina sura gani? Sauti nzuri ina uso? Mkulima wa Nambale akisema mvua ya mwaka huu ilikuwa nzuri, je, alikuwa akiitazama urembo? Twasema chakula kizuri, dawa nzuri, fikira nzuri, mwalimu mzuri wa hesabu. Hapa -zuri ni ubora, ni kitu kufaa kwa kazi yake na kumridhisha mwenye kukipima. Hata methali moja ya sokoni watu huisema namna mbili: wengine "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza", wengine "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza". Samaki wa Port Victoria hatabadilika ladha kwa kuwa umemwita chema au kizuri.

Na kuna jambo jingine ambalo sijaona vitabu vikilitilia maanani. Kinyume cha -zuri ni -baya, na kinyume cha -ema ni -baya pia. Sura mbaya, roho mbaya. Kiswahili, ambacho kimeutenga uzuri na wema, kina neno moja libebalo ubaya wa uso na ubaya wa moyo pamoja! Katika sifa kina vyungu viwili, na katika lawama, ingawa -ovu ipo kwa ubaya wa moyo, -baya hubeba yote mawili. Yule mvulana wangu angeandika "Jirani yetu alikuwa mbaya sana", nisingempigia mstari wowote, ningesoma sentensi inayofuata nijue ni ubaya gani.

Kwa maoni yangu iko kanuni nyingine, nayo hufaa zaidi kuliko ile ya nje na ndani. Sikilizeni watu wakiagana. "Safari njema." "Usiku mwema." "Siku njema." "Kazi njema." Yote ni maombi, ni kheri mtu anayomtakia mwenziwe kwa jambo ambalo bado halijawa. Sasa sikilizeni watu wakitoa habari ya yaliyokwisha kuwa. "Safari ilikuwa nzuri, basi halikuharibika." "Usiku ulikuwa mzuri, mwezi mpevu." "Umefanya kazi nzuri." Mtu aendaye kazini mwambie "kazi njema", arudiye, ukaona alichokifanya, mwambie "kazi nzuri". Ukibadilisha, hutafungwa, lakini msikilizaji wa pwani ataona kuna kitu kimekaa upande. Basi -zuri ni neno la mtu aliyekwisha kuona na kupima, iwe kwa jicho, kwa ulimi au kwa akili. -Ema ni neno la dua, na la yale mambo ambayo hayapimwi kwa macho: nia njema, moyo mwema, afya njema, bahati njema, matendo mema. Ndiyo maana Wakristo wakaiita Injili Habari Njema.

Kanuni hii nayo ina mahali inapovuja. "Habari?" waweza kujibu "nzuri" au "njema", yote mawili ni sawa, na msikubali mtu awatie hofu juu ya hilo. "Tabia nzuri" na "tabia njema" zote zasikika kwa wasemaji walio hodari. Na mtu akikuuliza "Huko kwema?" hutamjibu "kuzuri", utajibu "kwema", ingawa watoa habari ya mambo uliyoyaona kwa macho. Salamu huenda na mila yake.

Neno -ema lina matata yake ya umbo, nayo huwakamata watahiniwa. Husemwi "nyema" kama nyeupe na nyekundu, husemwa njema. Jambo jema, mambo mema, kitu chema, vitu vyema, mahali pema. Na "vyema" husimama peke yake kama "vizuri": amesema vyema, amesema vizuri. Wenye kuzoea bulungi ya Luganda na bulayi ya Kiluhya hupenda kusema "ameimba uzuri", kwa kuwa kwao namna ya kutenda huchukua bu-, ambayo ni nduguye u- ya Kiswahili. Hili sasa ni athari ya lugha ya mama kweli kweli. Kiswahili kimechagua vi-. Ameimba vizuri.

Nitoke kidogo nje ya mpaka wetu, maana mambo ya namna hii si ya Waafrika peke yao. Wazee wa Tororo na wa Busia wanawakumbuka mapadri wa Mill Hill, ambao walifika Uganda mwaka 1895, na ambao jimbo la Tororo, lililowekwa mwaka 1953, lilikuwa mikononi mwao. Wengi wao walikuwa Waholanzi. Kamusi ya Kiteso iliyochapwa mwaka 1953 ni kazi ya padri wa shirika hilo, Kiggen. Waholanzi hao, wakiusifu mwamba wa Tororo jua linapotua, neno la kwao ni mooi. Makaburu waliohamia Uasin Gishu mwaka 1908 kutoka Afrika ya Kusini nao walikuja na neno lilo hilo, na kule walikotoka kuna mto uitwao Mooi, yaani Mto Mzuri. Mtu mwema Mholanzi humwita kwa neno jingine, goed. Kwa hiyo naye ana vyungu viwili, kama Mswahili.

Lakini mooi halikuwa mwenye nyumba tangu zamani. Waholanzi walikuwa na neno schoon, ambalo ni ndugu ya schön ya Kijerumani, na maana yake ilikuwa -zuri. Siku zilivyokwenda, kwa watu wa Uholanzi schoon likateleza likawa "safi", yaani kisicho na uchafu, na mooi likachukua kiti chake. Wenzao wa Ubelgiji wasemao lugha hiyo hiyo hawakuteleza nalo. Kwao schoon bado ni -zuri. Fikirini Mbelgiji akimsifu dada wa Kiholanzi kwa neno hilo, na dada akadhani ameambiwa ameoga!

Sasa tazameni Kiswahili kilivyopita njia hiyo hiyo kikielekea upande wa pili. "Safi" tulilipata kwa Waarabu, na kwao ni kitu kisichochanganyika, kama maji yaliyo wazi. Kwetu lilianza na usafi wa maji na wa nguo. Leo kijana ukimwuliza "Mechi ilikuwaje?" atasema "Safi!" wala hasemi juu ya sabuni. Uholanzi uzuri ukawa usafi. Kwetu usafi ukawa uzuri. Na "poa" la vijana, lililotoka katika chai kupoa, linakwenda mwendo ule ule. Mimi silipendi katika insha, lakini nalisikia hata katika chumba cha walimu.

Maneno mengine ya Kiarabu yalivuka kutoka uzuri hadi wema yalipofika pwani yetu. Jamal kwa Waarabu ni uzuri. Kwa Waswahili "jamala" ni adabu, ni kumtendea mtu kwa upole na heshima. Hasani, jina la watu, maana yake ni mzuri, tena ni mwema, na katika shina lile lile tukapata "hisani", yaani wema utendao bila kudai malipo. Mwarabu basi naye, katika shina hilo, ana chungu kimoja kama Msamia. Na "haiba", ambayo kwao ni utisho wa mtu mwenye cheo, kwetu imelainika ikawa mvuto wa mtu apendezaye. Kinyume cha hayo, "mrembo" ni wa kwetu wenyewe, ametoka katika kuremba, kupamba. Kwa hiyo urembo waweza kununuliwa dukani na kuvuliwa usiku. Ndiyo sababu bibi arusi ni mrembo siku ya arusi hata kama siku nyingine si mzuri, na asiambiwe niliyasema mimi.

Mtaniuliza, haya yote yana faida gani? Kwa watahiniwa faida yaonekana. Mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Na katiba ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kukitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Upande wa Kenya karibu wanafunzi wote hukifanyia mtihani. Kalamu nyekundu za aina yangu zitakuwa nyingi pande zote mbili za mpaka, na watakaozishika wengi watakuwa wamefundishwa kwamba kosa lolote la mtoto wa hapa limetoka nyumbani kwao. Mtoto akiambiwa hivyo miaka minne, huanza kuona haya kwa lugha ya babu yake. Mimi mwenyewe nimeyasema hayo darasani, na nimeyasema kwa sauti.

Tena tusisahau kwamba sisi nasi tumekwisha kukipa Kiswahili maneno. Wenye baiskeli waliovusha watu hapa Busia kuanzia miaka ya 1960, kutoka mpaka huu hadi mpaka ule, ndio waliotoa neno "boda boda", na leo lipo Dar es Salaam na Mombasa, wala hakuna anayelipigia mstari mwekundu. Neno likitoka barabarani na kuwafaa watu, hukaa. Kama "mtu mzuri" kwa maana ya roho nzuri litakaa au halitakaa, jibu ninyi mnalisikia kila siku: limekaa. Siku hizi nalisikia kwa watu wa Nairobi, Arusha, hata kwa wazaliwa wa pwani. Ila wasemaji hao huliweka pamoja na jina "mtu". "Yule ni mtu mzuri" huelekea tabia. "Yule ni mzuri", bila ya "mtu", huelekea uso. Tofauti ni nyembamba, lakini ipo, na huko ndiko mvulana wangu alikopotelea.

Nilimwita baada ya juma moja. Nikamfungulia insha yake, ukurasa wa mwisho, ambao siku ile ya kwanza niliusoma mbio mbio. Alikuwa ameandika, "Mungu amlaze mahali pema peponi." Nikamwuliza, "Mbona hapa hukuandika mahali pazuri?" Akafikiri. Akasema hajapata kusikia mtu akisema hivyo matangani, si kwao Samia wala kwa wajomba zake upande wa Uganda. Nikamwambia, basi -ema unayo, umeisikia kaburini kwa babu yako mwenyewe.

Ndipo akaniuliza swali ambalo nawaachia nanyi. Alisema, "Nikiandika mwema, mwalimu, nimesema tabia yake tu. Omulayi lasema zaidi. Watu walipomwona babu akija njiani walifurahi macho, na makovu yale yale." Tulikaa na kalamu muda mrefu. Nilimfutia mstari mwekundu nikamwacha achague mwenyewe, naye akaandika: "Babu yangu alikuwa mtu mzuri, na uso wake ulipendeza kwa wema." Nikampa alama yake.

Kwa mazoezi, sahihisheni sentensi hizi, na palipo na majibu mawili andikeni yote mawili na kueleza tofauti: Habari ya Tororo ni mzuri. Baiskeli yake ni mzuri lakini breki hapana. Wageni walicheza uzuri. Nakutakia safari nzuri na afya mzuri. Bibi yangu ni mwema kwa sura. Viatu hivi ni mzuri kuliko vile. Shangazi alinipa maneno nyema. Wenzetu mliokwisha kutoka shuleni mwaweza kutuletea, kwa kila lugha ya kwenu, neno lisemalo "mzuri" na neno lisemalo "mwema", kama ni mawili au ni moja. Wanyole na Wagisu hasa, tunawangoja. Majibu yatatoka katika toleo lijalo.